Logi ya Mistari Laki Mbili na Nusu

Mzee mlinzi wa ghala lile alikuwa na maelezo bora kuliko logi yangu yote, yaani rekodi ya ujumbe ambao kompyuta hujiandikia. "Mwanangu," aliniambia kwa simu baada ya kuitikia shikamoo yangu, "taa ya waya inawaka kijani kama kawaida, lakini mizani haitumi kitu. Nikiuchomoa waya na kuurudisha, siku nyingine inaamka mara moja, siku nyingine mpaka nirudie mara tatu." Nilimshukuru, nikaandika neno "mtandao" katika daftari, kisha nikaendelea na jambo nililokuwa nimekwisha kuliamua kabla hata hajapiga simu, yaani kuongeza ujumbe wa kufuatilia hitilafu katika kila kona ya draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao. Zilipita wiki saba kabla sijatambua kwamba katika ile sentensi yake ya pili mzee alikuwa amenipa karibu kila kitu nilichokihitaji.

Kampuni niliyoifanyia kazi wakati huo, jijini Dar es Salaam, ilitengeneza visanduku vidogo vinavyoendeshwa na Linux, ambavyo huchukua uzito kutoka kwenye mizani na kuupeleka makao makuu ya mteja. Kimoja tulikifunga katika ghala la marobota ya mkonge nje kidogo ya mji wa Tanga, takriban kilomita 350 kutoka mezani kwangu. Kisanduku kilikuwa na betri yake, lakini swichi ya mtandao, kifaa ambacho waya wake ulichomekwa, haikuwa na betri, kwa hiyo umeme ulipokatika swichi ilizimika, na jenereta ilipowashwa swichi ilirudi, huku kisanduku chenyewe kikiendelea kufanya kazi bila kutetereka. Usiku mwingine linki, yaani muunganiko wa waya kati ya kisanduku na swichi, ilirudi pamoja na swichi, na usiku mwingine haikurudi hadi mlinzi aende kuchomoa waya. Draiva ya kadi ya mtandao tuliipewa na mtengenezaji wa chipu. Haikuwa sehemu ya kerneli rasmi, yaani kiini cha Linux, na hakuna mtu ofisini aliyekuwa ameisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, mimi nikiwamo.

Toleo langu la kwanza la kufuatilia tatizo lilikuwa na kipima muda kilichoandika mistari mitatu kila sekunde: hali ya linki kwa mujibu wa draiva, kasi iliyokubaliwa, na urefu wa foleni ya kutuma. Niliona mistari mitatu kuwa ni midogo. Hesabu rahisi, ambayo sikuifanya wakati ule, inaonyesha kwamba siku ina sekunde 86,400, na mistari mitatu kwa sekunde ni mistari 259,200 kwa siku. Bafa ya kerneli yetu, sehemu ya kumbukumbu inayoshika ujumbe wake na kusomwa kwa amri ya dmesg, ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 128, nayo ni ya mviringo, maana yake ujumbe mpya ukikosa nafasi humfukuza mkongwe kuliko wote. Mstari mmoja ukiwa na herufi 80 hivi, bafa nzima ilijaa na kuanza kujifuta katika muda usiofika dakika kumi. Umeme ulipokatika saa nane usiku na linki ikakwama, mimi nikaingia kwenye kisanduku saa mbili asubuhi kupitia modemu ya simu, nilichokikuta ni dakika tisa za mwisho za mistari inayofanana kama punje za mchele, yote ikisema kwamba linki iko chini. Hilo nilikuwa nalijua tayari. Mstari niliouhitaji ulikuwa ule wa saa nane, na niliufuta mimi mwenyewe kwa mistari yangu.

Badala ya kupunguza mistari, nilitafuta mahali pakubwa zaidi pa kuiweka. Kwa kawaida visanduku vyetu viliweka logi kwenye kumbukumbu ya muda ili kutoichosha hifadhi ya kudumu, ambayo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Mimi nikabadilisha mpangilio huo ili logi iandikwe kwenye hifadhi ya kudumu. Kwa kiwango kile, logi ilikula takriban megabaiti 20 kwa siku, na sehemu ya hifadhi iliyokuwa wazi ilikuwa ya megabaiti 64. Siku ya nne asubuhi hapakuwa na nafasi, na programu ya mizani, ambayo ilitumia sehemu hiyohiyo kuhifadhi uzito unaosubiri kutumwa, ilishindwa kuandika. Marobota ya siku nzima yalipimwa bila kumbukumbu na wafanyakazi wa ghala wakalazimika kuyapima upya. Bosi wangu hakupaza sauti. Aliniuliza tu, kwa upole uliouma kuliko ukali, kama tatizo la linki lilikuwa limewahi kumpotezea mteja siku nzima ya kazi. Halikuwa limewahi.

Nilirudi kwenye maabara yetu, kama chumba kile chenye meza mbili kinastahili jina hilo, nikaunganisha kisanduku cha aina ileile kwa konsoli ya seriali, waya unaotoa ujumbe wa kerneli herufi baada ya herufi, ili nione ujumbe ukipita papo hapo. Hapa nilijitengenezea tatizo jipya ambalo halikuwa na uhusiano wowote na Tanga. Konsoli ilikuwa ikienda kwa biti 115,200 kwa sekunde, na kwa kuwa kila herufi hubebwa na biti kumi, hiyo ni herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 huchukua karibu milisekunde saba kutoka, na katika kerneli tuliyoitumia msimbo ulioita printk, kitendaji cha kuchapa ujumbe, uliweza kujikuta ukisubiri hadi herufi ya mwisho itoke, hata kama ulikuwa ndani ya kishughulikia interapti, sehemu ya draiva inayoamshwa chipu inapokuwa na jambo la kutangaza. Katika milisekunde saba, waya wa gigabiti moja unaweza kuleta zaidi ya fremu kubwa 500, yaani pakiti au vifurushi vya data. Foleni ya kupokea ya draiva yetu ilikuwa na nafasi 256. Kila nilipowasha ujumbe, kwa hiyo, pakiti zilianza kupotea, na mimi nikaandika katika daftari, kwa kujiamini kabisa, kwamba chipu inadondosha pakiti na huenda ndicho chanzo cha kila kitu. Nilifukuza kivuli hicho kwa siku sita. Mwenzangu mmoja, ambaye alikuwa amezoea kazi hii kuliko mimi, alisimama nyuma yangu akitazama mistari ikishuka, akauliza: "Kaka, ukiyazima haya maandishi, pakiti bado zinapotea?" Niliyazima. Hazikupotea hata moja.

Tangu siku ile, kabla ya kuongeza mstari wowote katika njia inayopitwa mara nyingi, huwa nashusha kwanza kiwango cha konsoli kwa dmesg -n, ili ujumbe wa kiwango cha chini ubaki ndani ya bafa bila kupita kwenye waya wa seriali. Ni jambo dogo, na lingeniokolea siku sita.

Lakini kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la tatu, nalo si la wingi wa ujumbe peke yake, bali la namna ujumbe unavyopatikana. Nilikuwa nimechoka kuona hali ya linki kwa mujibu wa draiva, nikataka kuiona kwa mujibu wa chipu yenyewe. Nikaandika kitendaji kidogo kinachosoma rejista zote 32 za chipu inayoshika waya, yaani vijisehemu vya kumbukumbu vinavyoonyesha hali yake, na kuzichapa, nikakiita mwanzoni mwa kishughulikia interapti, kabla draiva haijafanya lolote. Nilijivunia. Nilichomoa na kuchomeka waya mara hamsini mezani, na linki ikarudi mara hamsini. Nikapeleka toleo hilo Tanga kwa mbali, safari hii likiwa na mistari michache kidogo, na kwa wiki mbili umeme ukakatika na kurudi mara kadhaa bila linki kukwama hata mara moja. Ofisini tukaambiana kwamba tatizo limeisha lenyewe, jambo ambalo fundi yeyote mwenye umri wangu anapaswa kuliogopa. Nikaondoa ujumbe wote, nikapeleka toleo safi, na kabla ya wiki kwisha mzee akapiga simu: "Mwanangu, imelala tena."

Tatizo linalopona likitazamwa na kuugua likiachwa halikuwa geni kwangu; nilikuwa nimelisikia likisimuliwa na wengine, na maelezo ya kawaida ni kwamba ujumbe huchelewesha mambo na kubadilisha mpangilio wa matukio. Niliamini hivyo kwa siku kadhaa, nikajaribu kuweka ucheleweshaji mahali pa ujumbe, na haukusaidia. Ndipo nikafanya nilichopaswa kukifanya wiki ya kwanza, nikafuta kila kitu nilichokiongeza, nikajiuliza ni kitu gani kimoja ambacho, kama ningekuwa nimekaa ndani ya kisanduku saa nane usiku, ningependa kukijua. Jibu lilikuwa hili: draiva ilipopata interapti, ilisoma nini? Hili ni swali tofauti na lile la chipu ina nini, kwa sababu kusoma mara ya pili kwa ajili ya kuchapa ni kuuliza swali jingine kwa wakati mwingine.

Kwa hiyo nikaweka kigezo kimoja cha kuhifadhi thamani ileile ambayo draiva ilikuwa imekwisha kuisoma, bila kuigusa chipu tena, na nikachapa mstari mmoja tu pale ambapo thamani hiyo ilitofautiana na ya mara iliyopita. Nilifikiria kwanza kuchapa pale hali ya linki inapobadilika kutoka juu kwenda chini au kinyume chake, kama draiva nyingi zinavyofanya, na kwa kazi ya kila siku huo ndio utaratibu ninaoupendekeza. Lakini nilichokuwa nakitafuta kilikuwa mabadiliko ambayo draiva haikuyaona, na ujumbe unaotegemea draiva ione mabadiliko usingeweza kunionyesha upofu wake. Pembeni ya mstari huo sikuongeza ujumbe mwingine, bali niliamua kutumia kaunta ambazo kerneli inazo tayari: faili ya carrier_changes chini ya /sys/class/net, inayohesabu mara ambazo linki imetangazwa kubadilika, na /proc/interrupts, inayohesabu interapti zilizofika. Kaunta haijazi bafa, haicheleweshi mtu, na haifutiki kwa sababu nyingine imekuja.

Usiku wa tatu umeme ukakatika. Asubuhi nilikuta mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa na thamani 0x7949, kwa namba za msingi wa kumi na sita, na wa pili, uliokuja baada ya dakika nne hivi, ulikuwa na 0x7969. Interapti zilikuwa zimeongezeka kwa mbili. Kaunta ya mabadiliko ya linki ilikuwa imeongezeka kwa moja tu. Kwa maneno mengine, jambo la pili lilitokea, draiva ikaamshwa, ikatazama, kisha ikarudi kulala ikiamini kwamba hakuna kilichobadilika.

Nilizikokotoa thamani hizo kwa kalamu, biti baada ya biti, kwani ni rejista namba 1 ambayo maana yake imewekwa na kiwango cha Etherneti chenyewe wala si na mtengenezaji. Tofauti kati ya 0x7949 na 0x7969 ni biti ya 5 peke yake, ile inayosema kwamba pande mbili za waya zimemaliza kupatana kuhusu kasi. Biti ya 2, inayosema kwamba linki ipo, ilikuwa sifuri katika zote mbili. Nilikaa nikiitazama ile ya pili kwa muda. Pande mbili zimemaliza kupatana, na bado linki haipo? Watu hawawezi kukubaliana bei katika soko lililofungwa. Mojawapo ya biti hizo ilikuwa ikisema habari za zamani.

Na kweli ndivyo ilivyo kwa kubuniwa. Biti ya 2 ya rejista hiyo hujifunga chini: linki ikikatika, hata kwa muda mfupi, biti huanguka na kubaki sifuri mpaka mtu aisome, ili mkatiko mfupi usipite bila kuonekana. Msomaji wa kwanza baada ya linki kurudi hupewa habari ya mkatiko uliopita, na msomaji wa pili ndiye anayepewa hali ya sasa. Draiva yetu ilisoma mara moja tu kwa kila interapti. Swichi iliporudi, chipu ilikuwa na mambo mawili ya kutangaza, kwamba linki imerudi na kwamba mapatano yamekamilika. Kama yalifika kama interapti mbili tofauti, draiva ilisoma mara mbili na linki ikarudi. Kama yalikaribiana mno yakahesabiwa kama interapti moja, ilisoma mara moja, ikaona sifuri ya zamani, na hapakuwa na interapti nyingine ya kuiamsha. Taa ya kijani iliwashwa na chipu, ambayo ilijua ukweli. Ndiyo maana mzee alilazimika kuchomoa waya mara moja siku moja na mara tatu siku nyingine. Alikuwa akirusha sarafu bila kujua, na aliniambia hivyo kwa maneno yake tangu siku ya kwanza.

Kitendaji changu cha kuchapa rejista zote 32, nacho, kilikuwa ndicho msomaji wa kwanza. Kilipokea habari ya zamani kwa niaba ya draiva, kikaichapa katikati ya mistari mingine thelathini na moja ambamo sikuiona, na kuiachia draiva hali ya sasa. Ujumbe wa kufuatilia hitilafu ulikuwa umeiponya hitilafu. Nilipoipitia tena logi ya zile wiki mbili za amani, nilizikuta 0x7969 mara kadhaa, kila moja ikiwa imezikwa ndani ya kurasa za rejista ambazo hazikuwa na kazi yoyote katika tatizo hili. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu muda wote huo, na niliufunika kwa wingi.

Marekebisho yenyewe yalikuwa ya mistari mitatu: kama draiva inaamini kwamba linki iko chini, isome rejista mara mbili na kuiamini ya pili, kama inaamini iko juu, isome mara moja, ili mikatiko mifupi isipotee. Baadaye niligundua kwamba maktaba ya kerneli rasmi inayoshughulikia chipu za aina hii imejengewa mantiki ya namna hiyo, na kwamba lau mtengenezaji angeitumia badala ya kuandika yake, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Ninapofanya kazi hii sasa, najiruhusu mstari mmoja wa kudumu wakati linki inapanda na mmoja inaposhuka, wenye kasi iliyokubaliwa ndani yake. Kila kitu kingine nakiandika kwa netdev_dbg, ambayo hukaa kimya hadi mtu aiwashe kupitia faili ya dynamic_debug, kwa faili moja ya msimbo au hata kwa mstari mmoja, kisha aizime bila kujenga upya kerneli. Draiva zinazofuata utaratibu wa zamani wa viwango vya ujumbe huwashwa kwa ethtool, amri ya Linux ya kupanga kadi ya mtandao, na humo ujumbe wa linki una biti yake, 0x4, kwa hiyo hakuna sababu ya kufungulia ujumbe wa kila pakiti ili kuona wa linki. Pale ninapohitaji kweli kuona mambo yanayotokea maelfu ya mara kwa sekunde, natumia trace_printk, ambayo huandika kwenye bafa tofauti ndani ya kumbukumbu bila kupita kwenye konsoli. Lakini haifai kubaki ndani ya toleo linalokwenda kwa mteja, na kerneli yenyewe hutoa onyo kubwa ikiikuta.

Kuna dawa moja ambayo wengi huikimbilia na ambayo siipendi kwa tatizo la linki, nayo ni kuwekea ujumbe kikomo cha kasi. Kwa kawaida kerneli huruhusu ujumbe kumi katika kila sekunde tano na kumeza uliobaki, ikiacha taarifa ya idadi iliyomezwa. Kwa ujumbe wa makosa yanayojirudia ni kinga nzuri sana. Mwenzangu yuleyule aliyeniokoa kwenye konsoli aliwahi kuiweka kwenye ujumbe wa linki ya kisanduku kingine, ambacho waya wake ulikuwa umelegea na linki ikiruka juu na chini kama samaki aliyevuliwa. Logi ilisema chini, juu, chini, juu, mpaka kumi, kisha ikanyamaza. Ujumbe wa mwisho tuliouona ulisema juu, wakati kisanduku kilikuwa chini tangu nusu saa iliyopita, kwa sababu ule uliotangaza hali ya mwisho ulikuwa miongoni mwa waliomezwa. Kikomo hakijui ni ujumbe upi una thamani; kinajua tu upi umechelewa kufika.

Toleo lenye marekebisho lilikwenda Tanga siku ya Jumatano. Katika draiva nzima nilikuwa nimeacha mistari miwili ya ujumbe kati ya ile arobaini na kitu niliyoiongeza kwa muda wa wiki saba. Ijumaa niliamkia simu ya mzee, nikajiandaa kwa mabaya, kumbe alitaka kuniuliza kama nitapita ghalani nikienda kwetu sikukuu. Alisema umeme ulikatika mara mbili usiku ule na jenereta ikawashwa mara mbili, na mizani inatuma. Niliingia kwenye kisanduku kutazama. Logi ya usiku mzima ilikuwa na mistari minne: chini, juu, chini, juu.